Daftari Limejaa, Ukumbi Mtupu: Mafunzo Niliyopata kwa Wanachama Hewa wa Mkata

Mkata ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Chalinze kwenda Segera inapita katikati yake, na hapo hapo inachepuka ile ya lami ya kilomita 54 inayokwenda Handeni mjini. Ukiendelea nayo kilomita 65 nyingine inakutoa Korogwe. Mji wa namna hii una wenyeji wake, lakini una wapita njia wengi zaidi, na mpita njia akikaa msimu mmoja tu lazima ajiunge na kitu: kikoba, umoja wa bodaboda, kwaya, au tawi la mpira.

Mimi nilichaguliwa katibu wa tawi la mashabiki wa moja ya klabu zetu mbili kubwa, ile iliyoanzishwa 1935 au ile ya 1936. Sitasema ipi, nisije nikapoteza nusu ya wasomaji kabla hatujaanza. Nilikabidhiwa kaunta buku mbili, muhuri, na sifa kwamba tawi letu lina wanachama zaidi ya 400. Kuwatafuta hao 400 ndiko kulikonipa mafunzo haya.

1. Kabla ya kuhesabu majina, isome karatasi yenyewe

Daftari la kweli halina usafi. Kurasa za mwanzo za kaunta buku letu zilikuwa hivyo: wino wa bluu, wa kijani, penseli, jina limekatwa na kuandikwa upya, doa la chai, sahihi ya mtu ambaye hakuzoea kushika kalamu. Kisha zikafuata kurasa kadhaa zinazong'aa. Kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna kosa hata moja, na majina yamepangwa kuanzia herufi A mpaka Z. Watu hawajiungi na tawi la mpira kwa mpangilio wa alfabeti. Aliyeyaandika alikuwa na orodha nyingine mbele yake, na kwa jinsi yalivyokaa, ilifanana na orodha ya mahudhurio ya darasa.

Safu ya simu nayo ilikuwa na mambo yake. Namba nyingine zilikuwa na tarakimu tisa badala ya kumi. Namba moja ilimilikiwa na watu watatu wa mitaa mitatu. Nilipoipiga akapokea mama mmoja muuza vitumbua, akaniuliza kwa upole kama nataka vya asubuhi au vya jioni. Mpira hakuwa na habari nao.

2. Jina hewa huzaliwa pale idadi inapokuwa na bei

Nilijiuliza nani anapata nini kwa kuandika watu wasiokuwepo. Majibu yalikuja yenyewe. Uchaguzi wa tawi ukikaribia, mgombea analipia ada "vijana wake" ambao hakuna anayewajua. Msimu wa siasa, anayetafuta udiwani anafika na swali moja tu, "Mko wangapi?", na ukubwa wa mchango wake unafuata jibu. Anayetaka kutoa jezi anauliza hivyo hivyo. Kila aliyekuja alilipa kwa idadi, basi idadi ikazalishwa.

Jambo hili halikuanzia Mkata. Halmashauri zote nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilipoeleza fedha zilizokwenda kwa vikundi hewa, Serikali iliusimamisha Aprili 2023, na mikopo ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Walioumia ni vikundi vya kweli vilivyokuwa kwenye foleni.

Hata kampuni ya Facebook, katika miezi mitatu ya mwanzo ya mwaka 2019 peke yake, ilitangaza kuondoa akaunti bandia zaidi ya bilioni 2. Pale nako wingi una bei. Tangu hapo, nikiona orodha ndefu huuliza kwanza urefu wake unanunua nini.

3. Wengi kwenye daftari hawakudanganya, wameondoka tu

Haya ndiyo yaliyonituliza hasira. Nilipoanza kupiga simu na kuuliza majirani, niligundua kwamba wa kubuniwa walikuwa sehemu tu ya tatizo. Wengi walikuwa watu wa kweli ambao maisha yamewasogeza: mwalimu aliyehamishiwa mkoa mwingine, utingo aliyebadilisha njia, mnunuzi wa mahindi aliyekuja wakati wa mavuno, kibarua wa mashamba ya mkonge aliyefuata kazi upande wa Korogwe. Wengine wapo Mkata hii hii, ila walioa, wakajenga, wakapungukiwa na muda. Wachache wametangulia mbele ya haki.

Kenya walikutana na jambo hili kwa ukubwa wa taifa. Kabla ya uchaguzi wa 2017, daftari lao la wapiga kura lilikaguliwa na kampuni ya KPMG, na makadirio yakawa kwamba huenda zaidi ya watu milioni 1 waliofariki bado wamo. Huhitaji njama ili ufike huko. Familia ikishazika, ni nani anayekumbuka kwenda ofisini kusema jina lifutwe? Kwa hiyo usianze usafi kwa kutafuta mwizi. Mtu aliyelala na mtu aliyebuniwa wanahitaji dawa mbili tofauti, na ukiwachanganya utamvunjia heshima asiye na hatia.

4. Anayejibu "hapa kwetu hakuna" hajatafuta

Niliwaomba viongozi wa tawi wa kila mtaa wahakiki watu wao. Wote wakaleta jibu moja: wapo wote. Nikakumbuka Machi 2016, Rais John Magufuli alipowapa wakuu wa mikoa siku 15 kuwasaka watumishi hewa. Mkoa wa Shinyanga ukaripoti hauna hata mmoja. Uhakiki wa pili ukawakuta 45, na Aprili mwaka ule mkuu wa mkoa akaondolewa. Kufikia Mei, nchi nzima ilikuwa imewabaini zaidi ya 10,000, na kila mmoja alikuwa na mshahara uliokuwa ukitoka mwezi hadi mwezi.

Kosa la utaratibu wetu lilikuwa kumtaka aliyeandika majina ndiye ayahakiki. Tulibadilishana: wa mtaa wa barabarani wakahakiki wa mtaa wa sokoni, na wa sokoni wakahakiki wa barabarani. Watani kwa watani hawaoneani haya. Safari hii majibu yalikuwa marefu na yenye vicheko.

5. Majina ya uongo huwafunga mdomo waliopo

Watu husema, "Jina la ziada linamuumiza nani?" Kanuni za tawi letu zinataka nusu ya wanachama wahudhurie ndipo mkutano mkuu uwe halali. Kama daftari lina watu 400, mnatakiwa 200. Kibanda umiza, yaani banda la kutazamia mpira tunakokutana, hata siku ya mechi ya watani wa jadi watu wakikaliana magotini, hakifikishi idadi hiyo. Maana yake ni kwamba kwa mujibu wa karatasi tulikuwa hatujawahi kuwa na mkutano halali, na kila jambo kubwa lilirudi kwa watu watano wa kamati "kwa sababu akidi haikutimia".

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba jina hewa lina kazi, hata kama halidai posho. Linakalia kiti, linanyima kura, linawaachia wachache maamuzi ya wengi. Mwanachama hai aliyetoa ada yake kwa jasho alikuwa anashindwa na mtu asiyekuwepo.

6. Msiba ni mkaguzi asiyedanganyika

Kama vikundi vingi vya kwetu, tawi lina mfuko wa kufa na kuzikana. Siku moja alifika mzee mmoja, mjomba wa marehemu aliyekuwa mwenzetu zamani.

"Shikamoo mzee," tulimwamkia.

"Marahaba wanangu. Nimekuja na neno. Mwenzenu tumempumzisha jana, na kadi yake hii hapa."

Mweka hazina alifungua kitabu chake, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana mzee wetu. Marehemu alikuwa mwenzetu kweli, ila muda mrefu hakuwa anachangia."

"Mlimwondoa?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hiyo mlipokuwa mnajisifu mko 400, yeye alikuwa mmoja wao. Leo kafa, ndiyo mnaniambia hakuwemo?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kanuni yetu haikusema mtu anakoma lini kuwa mwanachama, na daftari lilimhesabu. Tulichanga papo hapo mifukoni, tukaenda kuhani. Lakini swali la mzee yule lilifanya kazi kuliko barua zangu zote. Mkutano uliofuata uliweka kanuni bila ubishi: anayekaa miezi mitatu bila kuchangia anakumbushwa na mtu anayekwenda kwake kwa miguu, na akifikisha mwaka jina lake linahamishiwa daftari la pili, naye au ndugu zake wanaarifiwa. Chama kikinufaika na jina la mtu, kinadaiwa na jina hilo.

7. Mashine husaidia, macho ya watu humaliza

Vijana walipendekeza tuhamie kwenye simu, kama klabu zenyewe zilivyokwisha kuhamia kwenye usajili wa kidijitali. Nakubali, lakini tusidanganyane. Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019, mwisho ukasogezwa kutoka Desemba 31 hadi Januari 20, 2020, na watu wakapanga foleni ndefu kutafuta namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Hata baada ya hapo bado kila mtu anashauriwa abonyeze *106# ahakikishe hakuna laini asiyoijua iliyosajiliwa kwa namba yake. Kidole kinathibitisha kwamba mtu yupo. Hakithibitishi kwamba ndiye anayeitumia laini hiyo, wala kwamba bado anaitaka.

Kilichotusaidia zaidi ni jambo la zamani. Tume ya uchaguzi huweka wazi daftari la awali la wapiga kura ili wananchi wakague, warekebishe na waweke pingamizi. Nasi tulibandika orodha ukutani pale kibanda umiza, tukafunga kalamu kwa uzi pembeni yake. Kila jioni ya mechi watu walisoma majina kwa sauti wakati wa mapumziko. "Huyu yuko Kabuku siku hizi." "Huyu kaka yangu, ila jina la baba mmekosea." "Huyu hajawahi kuzaliwa!" Kurasa zile zinazong'aa zilikatwa mstari na watu waliokuwa wanakunywa kahawa.

8. Aliyelala mwachie mlango

Wapo waliotaka tufute kila mwenye deni, na kama tungefanya hivyo tungepoteza watu wazuri. Wengi wanaokaa kimya wanaona haya: deni limekua, kila mwezi linaongezeka, mwisho mtu anapita njia ya nyuma asikutane na mweka hazina. Tukaamua anayetaka kurudi alipe ada ya mwaka huu tu. Madeni ya nyuma yamesamehewa, ila haki ya mfuko wa msiba inaanza upya baada ya muda wa kungoja. Walirudi wengi kuliko nilivyotarajia, akiwemo dereva mmoja aliyesema hakuwa ameacha tawi, alikuwa anajificha tu.

9. Idadi ndogo ya kweli inafanya kazi

Tulipomaliza, wanachama hai walikuwa chini ya 100. Baadhi ya wakubwa walinuna, wakasema nimeliaibisha tawi mbele ya matawi ya Korogwe yanayotangaza mamia. Lakini zamani, tukikodi kosta kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, hatukuwahi kujua tukodi moja au mbili. Tulichangisha kwa hesabu ya kitabu, tukasafiri na viti vitupu, na waliokuwemo ndio waliofidia nauli. Sasa tunajua nani yupo, anachangia nini, na akifiwa tunampa nini. Mikutano inatimiza akidi, na kamati imeanza kukataliwa mambo yake hadharani, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kwa hiyo wewe mwanakikoba, mwanaushirika, mwanakwaya au shabiki mwenzangu, mkutano mkuu ujao usiridhike kuambiwa "tuko wengi". Omba orodha isomwe jina kwa jina mbele ya watu. Uliza nani alimwona huyu mara ya mwisho na nani anamlipia. Kiongozi anayekataa kusoma orodha yake kwa sauti, usimpe kura wala ada yako.