Sonona Nyumbani: Kusahau na Kujilaumu

Mama ametia chumvi kwenye maharage mara mbili. Jana alikwenda dukani kununua sukari, akarudi na kiberiti. Watoto walicheka, yeye akaingia chumbani kulia, akisema hafai tena kwa lolote. Hali ya namna hii ikifika wiki 2, na hana hamu hata ya mambo aliyoyapenda, huenda ni sonona. Mtaani wengi huiita "mawazo", na hawajakosea sana.

Kumbukumbu yake haijafutika. Ili jambo likumbukwe, lazima kwanza akili ilipokee, na akili yake inazunguka palepale kutwa kucha. Neno "sukari" lilipita sikioni tu. Kukosa usingizi kunazidisha kusahau huko. Kwa wazee, watu husema ni uzee, kumbe pengine ni ugonjwa unaotibika.

Mabaya, hata hivyo, anayakumbuka vizuri. Muulize kuhusu harusi ya mdogo wake, atajibu "ilikuwa nzuri" na kunyamaza. Muulize alipokosea, atakueleza mpaka rangi ya kikombe kilichovunjika. Anajihukumu kwa kumsikiliza shahidi mmoja. Basi muulizeni: jirani angesahau sukari, ungemwambia nini? Maneno hayo ya upole ajiambie mwenyewe, hata kama mwanzoni yatamtoka kwa shida.

"Jikaze" haisaidii, amekwisha kujikaza hadi kuchoka. Mwandikieni vitu vya dukani kwenye karatasi. Mpeni kazi moja kwa wakati mmoja. Uamuzi mzito, kama kuuza shamba, usubiri.

Mpelekeni kituo cha afya. Ataulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo yake, na huenda akapimwa damu, kwa kuwa upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana. Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake, fungieni dawa za kuulia wadudu, na mpelekeni siku hiyohiyo.

Tiba ni mazungumzo na mshauri, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na haziachwi bila kumwona daktari. Mara nyingi kicheko hurudi kabla ya umakini. Mwezi wa pili akiunguza wali, msiseme tiba imeshindwa. Pakueni usioungua, mle.