Taa za Motokaa Mchana: Jua la Kimara na Jua la Stockholm

Dereva awashaye taa za mbele mchana mweupe katika Barabara ya Morogoro hapati nuru ya kuonea njia. Hiyo jua limekwisha kumpa. Akifaidika, faida yake ni kuonekana.

Jicho hutambua kitu kwa tofauti ya mwanga baina ya kitu hicho na mandhari yake. Sweden iliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana tangu 1977, na ilikuwa na sababu: Stockholm, adhuhuri ya Desemba, jua huinuka nyuzi 7 tu hivi juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 59 mwaka mzima. Kuiga sheria bila kupima jua letu si sayansi.

Hata hivyo, Kimara ina jambo lake. Barabara itokayo hapo kwenda mjini huelekea mashariki, ikiegemea kidogo kusini. Kwa hiyo asubuhi za Desemba jua huchomoza karibu mkabala na kioo cha dereva, na jioni za Juni humkabili arudiye nyumbani. Gari limjialo lina jua mgongoni, na uso wake umo kivulini. Taa yake huonekana kabla ya bodi. Mbele zaidi, nje ya mji, magari mawili yanayokabiliana kwa kilomita 80 kwa saa husogeleana mita 44 kila sekunde. Anayetumia sekunde 10 kulipita lori ahitaji yapata mita 440 zilizo wazi.

Ushahidi utuhusuo zaidi watoka Malaysia, jirani ya ikweta kama sisi. Mwaka 1992 wapanda pikipiki waliamriwa kuwasha taa mchana, na watafiti wakakadiria kuwa ajali zitokanazo na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29 hivi. Lakini kila motokaa ikiwaka, bodaboda hupotea miongoni mwa taa, na mwenda kwa miguu, asiye na taa kabisa, husahauliwa. Hofu ya namna hiyo ilichangia Austria kuifuta mwaka 2008 amri iliyoiweka 2005.

Kwa maoni yangu bodaboda na iwashe taa saa zote. Motokaa na iwashe, zikiwa zimeinamishwa, wakati wa mvua, na asubuhi na jioni dereva awapo na jua mgongoni. Huyu ndiye mgumu kushawishika, maana yeye mwenyewe huona kila kitu sawasawa.