NEMBO KWENYE UKUTA WA NYUMBA KUUKUU

Tuseme kijijini kwenu kuna nyumba kuukuu ya matofali. Juu ya mlango pana kibao cha chuma chenye ngao na mnyama. Kimeshika kutu. Vijana wanataka kukibandua wakiuze kama chuma chakavu. Mzee mmoja anawakataza. Nani ana haki?

Kibao cha namna hiyo ni nembo. Nembo ni alama ya serikali, ya mfalme, ya mji au ya kanisa. Nembo ya Taifa letu mmekwisha kuiona ofisini: ngao katikati, mwanamume na mwanamke kando yake, na chini maneno Uhuru na Umoja.

Katika Kasulu na Kibondo tumtazame kwanza mnyama, maana hapa walitawala wageni wa mataifa matatu. Wajerumani walitumia tai. Reli yao ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliichukua Kigoma, nao wakakaa mpaka 1921. Nembo ya Wabelgiji ina simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kisha wakaja Waingereza. Nembo ya mfalme wao ina simba upande mmoja, na upande wa pili farasi mwenye pembe moja. Walikuwa pia na alama ya Tanganyika, yaani kichwa cha twiga.

Lakini msiharakishe. Si kila simba ni wa Mbelgiji. Hata wenye maduka hupenda picha ya simba. Tena kibao huweza kuhamishwa kutoka nyumba nyingine.

Basi waendeeni wazee. Msiwaulize mwaka. Waulizeni walivyosimuliwa na wazazi wao: Nani walifyatua matofali haya? Nani waliyabeba? Walilipwa nini? Kwa maoni yangu maswali haya ni makubwa kuliko lile la mnyama, kwa kuwa kibao hutaja mtawala tu, hakimtaji mbeba matofali. Andikeni majibu siku ileile, pamoja na jina la msemaji na tarehe.

Halafu tafuteni karatasi. Maofisa wa Kiingereza waliandika habari katika vitabu vya wilaya. Karatasi za zamani za serikali hutunzwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Hata maandishi ya ukumbusho hupingwa. Kule Ujiji kibao kinasema Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Lakini katika daftari lake Livingstone aliandika habari za mgeni huyo kwenye tarehe za mwezi Oktoba. Alikuwa ameugua safarini, na hesabu ya siku ilikuwa imempotea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Mnyama gani alikuwa alama ya Tanganyika wakati wa Waingereza?
2. Kwa nini tunaandika jina la msemaji?
3. Kijijini kwenu ni nyumba gani ya zamani kuliko zote? Nani anajua habari zake?
4. Vijana wakisha kukiuza kile kibao, darasa litajifunza nini kwenye ukuta ule?