FIDIA KAZINI: SOMO KUTOKA MILIMA YA CHAI YA BUMBULI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanajulishwa kuwa ukurasa huu, ambao kwa kawaida hubeba matangazo, safari hii umetengwa kwa somo kuhusu gharama za fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini na namna ya kuzipunguza. Mfano umechukuliwa Bumbuli, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, kwa kuwa huko mambo yote ya somo hili yamo ndani ya zao moja la chai: mchumaji mlimani, mashine kiwandani, na hospitali ya kumtibu aliyeumia.

Yafaa kwanza kuieleza sheria. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilitumia sheria ya fidia ya mwaka 1949, enzi za Waingereza. Kiwango cha juu cha malipo kwa mwenye ulemavu wa kudumu kilibaki shilingi 108,000 hata thamani ya fedha ilipokwisha kuporomoka. Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, wala hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi hata senti moja. Sekta ya umma huchangia nusu asilimia ya mishahara. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikateremshiwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Sheria hii haihusu Zanzibar, ambako fidia ilitungiwa sheria yake Na. 15 ya mwaka 1986.

Mchango ukiwa mdogo kiasi hicho, wako waajiri wanaodhani kuwa wamekwisha kumaliza wajibu wao wanapoulipa. Tufanye hesabu. Mwajiri ambaye mishahara yake ni shilingi milioni 40 kwa mwezi huchangia shilingi 200,000. Mfanyakazi wake mmoja wa mshahara wa shilingi 300,000 akilazwa kwa jeraha, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, yaani shilingi 210,000 kila mwezi, na yaweza kuendelea hadi miezi 24. Mtu mmoja, basi, amekwisha kuumaliza mchango wa kiwanda kizima, na gharama za hospitali bado hazijahesabiwa. Juu ya hayo, malipo ya mwezi wa kwanza humwangukia mwajiri mwenyewe, pamoja na kumtafuta na kumfundisha mtu wa kushika nafasi iliyoachwa wazi.

Bumbuli ina jambo ambalo si la kawaida. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro, kikarejeshwa mikononi mwa Serikali mwaka 2016, na baadaye kikafufuliwa kwa fedha za mifuko miwili: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma na huo huo Mfuko wa Fidia. Kwa hiyo mlipaji wa kidole kilichokatika akawa pia miongoni mwa wenye mashine inayoweza kukikata. Mpango wa namna hii una asili ya mbali. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1884 kuhusu bima ya ajali kazini ilivipa vyama vya waajiri vilivyolipa fidia mamlaka ya kuweka kanuni za kuzuia ajali. Anayelipa alipewa sababu ya kukagua. Ni Wajerumani hao hao walioiita Lushoto kwa jina la Wilhelmstal.

Katika kiwanda cha chai hatari kubwa haipo wakati mashine inapokwenda vizuri. Ipo pale jani linapokwama. Jani bichi likishanyaushwa hupita katika mashine za kusaga na kusokota, nazo zina meno na roli zinazozunguka kwa kuelekeana. Zikikwama, kishawishi ni kuingiza mkono huku umeme ukiwa umewashwa, maana kuzima mashine ni kuchelewesha kazi na msimamizi amesimama nyuma. Hapo kofia na glavu hazisaidii kitu. Glavu yaweza hata kuuvuta mkono ndani. Kinachosaidia ni swichi kuu kuzimwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo kukaa mfukoni mwa yule yule anayesafisha, asiwepo mtu mwingine wa kuiwasha kwa bahati mbaya. Kufuli hilo ni la bei ndogo mno likilinganishwa na pensheni, kwa kuwa ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipiwa pensheni ya kila mwezi. Mikanda nayo hapana budi ifunikwe, na tanuri la mvuke likaguliwe. Kwa Tanzania Bara ukaguzi huo ni kazi ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa mujibu wa Sheria Na. 5 ya mwaka 2003.

Mlimani hatari ni za aina nyingine: mteremko wenye utelezi, mzigo mgongoni, nyoka, na gari la kubeba jani ambalo watu hulidandia kinyume cha amri. Huko dawa ni njia zilizochongwa ngazi, na vituo vya kupimia jani vilivyo karibu na wachumaji.

Ajali ikishatokea, gharama huamuliwa na siku za mwanzo. Mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kuitaarifu ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7. Taarifa ikichelewa, mashahidi husahau, jeraha huoza, na dai halali hugeuka shauri la kubishaniwa. Majeruhi apelekwe hospitali inayofaa, na kila hatua iandikwe. Bumbuli ina hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Panapohitajika mabingwa, iko Bombo mjini Tanga au KCMC mjini Moshi. Ila rufaa isiwe mwisho wa kumjua majeruhi. Awepo ofisa mmoja kazini anayejua yuko wapi, daktari amesema nini, na ni kazi gani nyepesi aweza kurudi kuifanya. Aliyeumia mguu aweza kupima jani na kuandika daftari la mizani. Lakini kumrudisha mtu kabla ya daktari kuruhusu, ili tu siku zipungue katika hesabu, ni dhuluma, na aghalabu huzaa ulemavu mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Afya ya kila siku nayo imo katika hesabu hizi. Msimu wa mvua jani huwa jingi na kiwanda hukesha. Mtu aliyefanya kazi usiku kucha bila kula, au aliyepitia kilabu cha pombe ya miwa kabla ya zamu, ndiye anayeingiza mkono palipokatazwa. Uji wa saa sita usiku, zamu zisizozidi kiasi, maji safi, na kupima shinikizo la damu na kisukari mara kwa mara si hisani ya mwajiri. Watumishi wa ofisini wasijitoe katika hili: dereva wa Serikali mwenye usingizi njiani ana hatari ile ile.

Yote hayo yanamhusu mtu aliyeajiriwa, akiwemo kibarua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jani la Bumbuli hutoka kwa wakulima wadogo wanaoliuza kiwandani. Mkulima huyo akianguka mtaroni na kapu lake, hana mwajiri, kwa hiyo hana fidia. Bima ya afya, ambayo Bara imetungiwa sheria mwaka 2023 iwe kwa wote, yaweza kumtibu mfupa. Haimlipi msimu alioukosa. Huku Visiwani tatizo hilo latambulika kwa wachumaji wa karafuu, na Shirika la Taifa la Biashara, ambalo hununua zao hilo, limewahi kuwalipa fidia walioanguka mikarafuu ingawa si waajiriwa wake. Vyama vya ushirika vya chai vyaweza kuuiga utaratibu huo kwa kutenga fungu dogo katika bei ya kila kilo ya jani, mradi fungu hilo liwe na hesabu yake lenyewe na wakulima wasomewe katika kila mkutano mkuu.