Usingizi wa Dawa kwa Mgonjwa Aliyeumia Ubongo

Barabara kuu ya Zambia hupanda mlima Kitonga, hupita karibu na mji wa Iringa, kisha huendelea hadi Mbeya na Tunduma. Miongoni mwa majeruhi wa ajali za magari na pikipiki wapo wanaoumia kichwa, na baadhi yao hulazimika kupasuliwa ili kuondoa damu iliyovuja ndani ya fuvu. Kazi ya mpasuaji inafahamika. Katika somo hili tutaitazama kazi ya mtaalamu wa usingizi, ambaye huulinda ubongo kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji na baada yake.

Fuvu ni sanduku lililofungwa

Mwaka 1783 Alexander Monro wa Edinburgh alieleza kwamba fuvu la mtu mzima ni kama sanduku gumu lisilotanuka. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine hupungua. Visipoweza kupungua zaidi, kanieneo ya ndani hupanda haraka.

Damu huingia katika ubongo kwa nguvu ya tofauti ya kanieneo mbili:

Kanieneo ya kulisha ubongo = wastani wa kanieneo ya damu − kanieneo ya ndani ya fuvu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, tuseme 90 − 10 = milimita 80 za zebaki. Ubongo ukivimba, huenda ikawa 90 − 30 = 60. Sasa fikiri kwamba dawa ya usingizi imeshusha kanieneo ya damu hadi 60. Jibu ni 30 tu, ilhali lengo la waganga ni 60 hadi 70. Kosa la dakika chache laweza kumwachia mgonjwa ulemavu wa maisha. Ndiyo sababu dawa hutolewa kwa kipimo cha uangalifu, na kanieneo ya damu hupimwa mara kwa mara.

Pumzi na mwinuko wa nchi

Mgonjwa akipumua kidogo mno, kabonidayoksaidi huongezeka katika damu. Mishipa ya ubongo hutanuka, damu hujaa, na kanieneo ya fuvu hupanda. Akipumulishwa kupita kiasi, mishipa hiyo husinyaa na ubongo hukosa damu. Mtaalamu hana budi kushika njia ya kati.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Pwani, kanieneo ya hewa ni kama milimita 760. Asilimia 21 ya hizo ni 160. Mbeya, kwenye mwinuko wa kama meta 1,700, kanieneo ni karibu 620, na sehemu ya oksijeni ni 130. Mwenye afya huzoea. Majeruhi asiyepumua vizuri ana akiba ndogo zaidi, hivyo huhitaji oksijeni mapema.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa aliyelala kwa dawa hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Kwa hiyo wauguzi huangalia mboni za macho, pumzi na kanieneo ya damu. Dawa ikiisha, hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Alama 8 au chini ni dalili ya hatari kubwa. Kichwa cha kitanda huinuliwa kama nyuzi 30, ili damu irudi moyoni kwa urahisi.

Ulinzi huu huanzia barabarani. Majeruhi aliyepoteza fahamu asipewe maji wala chakula. Shingo yake isipindwe, na njia ya pumzi iachwe wazi.

Maswali

1. Kanieneo ya damu ni 85 na ya fuvu ni 25. Tafuta kanieneo ya kulisha ubongo. Je, inafikia lengo?
2. Kwa nini mgonjwa yuleyule ana akiba ndogo ya oksijeni akiwa Mbeya kuliko akiwa Tanga?