Somo la Robo Hii: Mzee Anaposahau Kula



Utafiti uliofanyika wilayani Hai mwaka 2009–2010 ulikuta takribani watu 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hapa Buger, familia ikienda shambani, mzee huachiwa chakula. Ukimuuliza atasema ameshakula, kumbe sahani haijaguswa. Anakonda ndani ya nyumba yenye chakula.

Tunapomtembelea:

1. Tusiulize tu, tufunue sufuria.
2. Tuangalie kama nguo zinampwaya.
3. Tule pamoja naye, akiwa ameketi wima, bila kumharakisha.
4. Uji wake uongezwe maziwa.

Akikonda au kupaliwa mara kwa mara, apelekwe zahanati. Tunaomba kila jumuiya ipange zamu ya majirani kabla ya msimu wa kilimo.