Msimsingizie Jua: Maswali Yenu Kuhusu Vyura

Je, tundu la ozoni ndilo linalomaliza vyura duniani? *(Barua za namna hii ni nyingi, nazijibu pamoja.)*

Hapana, na nimechoka kuulizwa. Tundu lililotangazwa mwaka 1985 liko juu ya Antaktika, ambako hakuna chura hata mmoja. Huku kwetu kwenye ikweta, tabaka la ozoni halikupungua kwa kiasi cha maana.

Uvumi huu ni ukweli uliokatwa kichwa na mkia. Mwaka 1994 Andrew Blaustein na wenzake, huko Oregon, Marekani, walichapisha majaribio yao katika Milima ya Cascade. Mayai mengine waliyakinga kwa vichujio vinavyozuia mionzi ya urujuanimno aina ya B, ile mionzi ya jua ambayo ozoni huipunguza, mengine wakayaacha wazi. Ya chura wa Cascade yaliyokingwa yaliokoka kwa wingi zaidi. Ya chura-mti wa Pasifiki yalinusurika, yakingwe yasikingwe, kwa kuwa yana kwa wingi fotoliesi, kimeng'enya kinachokarabati DNA iliyoharibiwa na mionzi. Nusu hii ya pili hakuna anayeisimulia! Mwaka 2001 baadhi ya watafiti hao wakaonyesha kwamba mvua na theluji zikiwa haba, mayai hubaki kwenye maji ya kina kifupi, mionzi huyadhoofisha, kisha Saprolegnia, kiumbe kinachofanana na kuvu, huyamaliza. Na maji yenye rangi ya chai, yale yaliyoozewa na majani, huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Kwa hiyo msinitajie jua kabla ya kuniambia ni chura gani, maji gani, kina gani.

Chura wa Kihansi naye aliunguzwa na jua?

Aliunguzwa wapi? Huyu hatagi mayai, anazaa. Tena aliishi ndani ya rasharasha za maporomoko ya Mto Kihansi, Udzungwa. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikakatika, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2003 idadi iliporomoka, na kuvu wa kitridi akagunduliwa bondeni. Kuvu huyu huvuruga ngozi, chumvi za mwilini hupungua, moyo husimama. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa bondeni kuanzia 2012 ni uzao wa karibu 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani mapema. Aliyewaokoa ni mtu aliyeona hatari mapema, si kivuli.

Kuna bwana anauza dawa ya kumwaga bwawani ili vyura wapone. Ninunue?

Usinunue.

Nifunike kidimbwi changu kwa turubai?

Kiache. Acha nyasi na majani pembeni, na dawa ya magugu isitiririkie humo. Usihamishe vyura wala viluwiluwi kutoka bwawa moja kwenda jingine, hata kwa huruma, kwani kitridi husafiri nao, na husafiri pia katika maji na tope bichi. Buti zisuguliwe, zikauke kabisa kabla ya kuingia bonde jingine. Watafiti wenzangu, nanyi pia. Nimeziona buti zenu.